Uzi wa Forodhani, Mizingani na visiwa vya mbele: panga siku yako bandarini Unguja kwa maji

Mwana wa Funguni (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya Mji Mkongwe yanarudi humu kila wiki: kisiwa cha Changuu niende saa ngapi, fungu la mchanga la Nakupenda lipo au halipo, mbona tulifika Forodhani tukakuta bahari imekimbia. Nayakusanya hapa. Uzi huu ni wa upande wa bahari tu, kuanzia diko la Malindi, barabara ya Mizingani, Forodhani mpaka ufukwe wa Shangani, na visiwa unavyoviona ukisimama hapo. Paje na Nungwi zina nyuzi zake.

Kabla hujauliza bei ya boti, jua maji yakoje. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila zamu saa sita na dakika kidogo, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu ni mita moja na ushei tu.

Huhitaji programu ya simu, kalenda ya Hijria inatosha. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za kila mwezi wa Hijria ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Na kwa hapa mjini saa zake hazibadiliki sana: siku za bamvua maji yanapwa kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi, yanajaa saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu mambo yanageuka, yanajaa asubuhi na kupwa jioni. Ukiwa na hilo kichwani, siku nzima inajipanga yenyewe.

Tanga Mbili

Naongeza hesabu ya manahodha, maana kujua saa ya kupwa peke yake hakutoshi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti nzima mafungu 12: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Chukua siku ya bamvua yenye tofauti ya mita 3.6. Fungu moja ni sentimita 30. Maji yamepwa saa 5 asubuhi. Ikifika saa 6 yamepanda sentimita 30, hakuna anayeshtuka. Saa 7 yamefika sentimita 90. Saa 8 ni mita 1.8. Watu wanaokaa Nakupenda wakila tikiti na kamba wa kuchoma hudanganywa na ile saa ya kwanza, wanaona maji yametulia, kisha kwa muda mfupi mkeka unaelea. Fungu lile ni mchanga mtupu, hakuna mti wala jiwe la kupanda.

Kwa hiyo siku za bamvua ondoka mjini saa 3 asubuhi, fika fungu likiwa linaibuka, na mwambie nahodha mnaondoka kabla ya saa 7. Anayekuuzia Nakupenda ya saa 9 alasiri siku ya bamvua anakupeleka kuangalia maji. Na siku za maji mafu usitegemee fungu kubwa, kwa sababu maji hata yakipwa hayashuki sana.

Msafiri wa Arusha

Asanteni wakuu. Tunakuja wanne, siku mbili. Boti ya Changuu inakodiwa wapi, na bei ni kwa kichwa au kwa boti? Kuna jamaa keshanitumia bei WhatsApp hata sijafika.

Tanga Mbili

Boti hupatikana sehemu tatu: ufukwe wa mbele ya Forodhani, ufukwe wa Shangani, na pale Mtini, ule mti mkubwa wa Mizingani ambao manahodha hukaa kivulini. Bei asili yake ni ya boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi. Mkiwa wanne mna nguvu ya kupatana. Ukitajiwa bei ya kichwa, zidisha kwa idadi yenu halafu ulinganishe na boti nzima ya jirani yake.

Mambo ya kumaliza kabla ya kupanda: mafuta yamo? Kiingilio cha kisiwa kimo au mnalipa wenyewe? (Mara nyingi hakimo, kinalipwa kisiwani.) Miwani ya kuzamia na mapezi vimo? Nahodha anawasubiri muda gani, na anaondoka na kundi jingine katikati au anabaki? Hili la mwisho ndilo linalozaa ugomvi mwingi. Lipeni nusu, nusu nyingine mkirudi nchi kavu. Pesa yote mkononi mapema ni kumpa ruhusa ya kwenda kutafuta wateja wengine.

Huyo wa WhatsApp huenda ni papasi, yaani dalali wa mtaani anayewinda wageni. Si kwamba papasi wote ni wabaya, wengine wanajua kazi, lakini pesa yake inatoka kwenye boti ileile ambayo mngeipata wenyewe kwa kutembea hatua mia moja.

Kabla hamjapanda angalia jaketi za kuokolea, ziwe idadi ya watu na mikanda yake ifunge kweli. Nyingi zina kamba badala ya kifungio. Angalia pia kama kuna kata au ndoo ya kufua maji na kama nahodha ana simu yenye chaji. Boti za mbao zenye turubai juu ni imara, tatizo huwa ni kuzijaza watu.

Mwana wa Funguni

Changuu yenyewe iko kama kilomita 5 na nusu kaskazini magharibi ya mji, nusu saa kwa boti ya kawaida. Kisiwa ni chembamba, urefu kama mita 800, unakimaliza kwa miguu. Msiende mkitegemea habari za wafungwa. Lile jengo lilijengwa kama gereza mwaka 1893, ila halikuwahi kufanya kazi hiyo. Likageuzwa karantini ya watu waliotiliwa shaka ya maradhi kabla hawajaingia mjini. Wanaowasimulia wageni habari za minyororo ya humo wanatunga.

Kinachofaa kuangaliwa ni makobe wakubwa, asili yao Aldabra, Shelisheli. Wanne wa kwanza walikuja kama zawadi mwaka 1919. Wakubwa wao wameandikwa umri kwa rangi mgongoni. Mpe majani kwa kuyashika mbali na vidole, maana kobe haoni vizuri kilicho chini ya pua yake na taya lake linakata. Akipapaswa shingo huinyoosha na kusimama wima kwa miguu yote minne. Usimkalie mgongoni, usimwinue mdogo kwa ajili ya picha. Asubuhi wanatembea na kula, jua likipanda wanajichimbia kivulini na hapo utaona magamba tu.

Kwa siku ya bamvua mpango mzuri ni Nakupenda kwanza wakati fungu lipo, kisha Changuu maji yakianza kujaa. Mkigeuza mtakosa fungu.

Mbizi Kumi na Mbili

Wa kuzamia mnisikilize. Matumbawe ya Changuu upande wa ufukweni yamechoka kwa nanga na kukanyagwa. Kwa kuogelea na miwani, kisiwa cha Bawe ni bora, mwambieni nahodha awashushe kwenye ukingo wa mwamba na asifunge nanga juu ya matumbawe. Kushuka kisiwani ni jambo jingine, visiwa vya Bawe na Chapwani vina hoteli, hushuki bila ruhusa yao.

Muda mzuri wa kuona chini ni saa mbili za mwisho za maji kujaa, kwa sababu yanayoingia yanatoka nje na ni safi. Yanapopwa yanabeba tope na uchafu wa pwani ya mji, na siku za bamvua mkondo una nguvu ya kumchosha muogeleaji. Mvua za masika zikipiga, siku mbili tatu baada yake hakuna cha kuona karibu na mji.

Kwa wenye cheti cha kupiga mbizi kuna Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyovunjika mwambani mwaka 1902. Kina ni kama mita 12 tu, kwa hiyo inafaa hata kwa mgeni wa kazi hii. Mbao zimekwisha, mbavu za chuma zimebaki na zimekuwa nyumba ya samaki. Vaeni viatu laini vya maji, wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wamejaa kwenye kina kifupi. Mwiba ukivunjika mguuni usiuchokonoe kwa sindano chafu. Loweka kwa maji ya moto unayoweza kuyavumilia na muone daktari kama umeingia kwenye kiungo.

Kizingo Mombasa

Niulize kuhusu vile vita vya dakika chache kati ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar. Kuna mabaki yoyote ya kuonekana bandarini?

Nguzo ya Darini

Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa hapo mbele ya mji 27 Agosti 1896, vita vyenyewe havikumaliza saa. Kwa miaka milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji, inaonekana kwenye picha za zamani, kisha mabaki yakavunjwa na kuondolewa. Leo juu ya maji huoni kitu. Iliyo na alama ya kuonekana ni ya baadaye: Pegasus, manowari ya Uingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini humuhumu 20 Septemba 1914. Mabaharia wake wamezikwa Chapwani, na makaburi yapo.

Upande wa majengo, msipange kuingia Beit al Ajaib, lile jumba la Sultani la Forodhani. Sehemu ya mbele pamoja na mnara ilianguka 25 Desemba 2020. Itazameni kutoka bustani ya Forodhani. Sayyid Barghash aliimaliza 1883, na ukisimama ukaipa bahari mgongo utaelewa kwa nini ilijengwa pale: ilikuwa ionekane na kila chombo kinachoingia.

Badala yake tengeni nusu saa kwa Dispensari ya Kale, Mizingani, karibu na lango la bandari. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, ndiye aliyeanza kuijenga. Wengi wanaipita wakikimbilia meli na masanduku yao. Simama upande wa pili wa barabara uangalie roshani: nakshi za mbao zimekatwa kama lasi na vioo vya rangi vimepachikwa juu yake. Jua la alasiri linaipiga usoni, asubuhi iko kivulini, kwa hiyo picha ni baada ya saa 9. Mizingani yote inatazama kaskazini magharibi, kanuni hiyo itumieni kwa kila jengo la mbele.

Ngome Kongwe iko hatua chache kutoka Forodhani, Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 au mwanzoni mwa ya 18 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndani ni uwanja na maduka, dakika 20 zinatosha, labda kuwe na tamasha.

Mwana wa Funguni

Niseme habari za Malindi, ambako watalii wengi hawafiki na mimi naona ndiko bandari ilipo hasa.

Asubuhi na mapema, kuanzia saa 12 na nusu, vyombo vya usiku vinaingia na mnada unaanza. Samaki wanamwagwa chini kwa mafungu, dalali anapiga bei kwa haraka na fungu linakwenda. Jodari na nguru wanauzwa mmoja mmoja, changu na vibua kwa mafungu. Mtazamaji asimame pembeni, asikanyage fungu la mtu, na asipige picha za nyuso bila kuomba. Ukitaka dagaa usiende siku za mwezi mpevu, wavuvi wa taa hawatoki kwa sababu mbalamwezi inaishinda taa kuwakusanya dagaa. Hapo ndipo bei hupanda mji mzima.

Sasa la pili. Siku za bamvua, saa 4 asubuhi, tembea kutoka Malindi kuelekea Funguni. Majahazi yanakuwa yamekaa mchangani, yameegemea magogo, na mafundi wanafukuzana na maji. Kazi ni kutia kalafati: fundi anasokota pamba iliyoloweshwa mafuta iwe kamba nyembamba, anailaza kwenye mwanya wa mbao mbili, anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sikiliza mlio. Pamba ikiwa bado legelege mlio ni mzito, ikishiba unakuwa mkavu, na hapo anasogea. Akiacha mahali palipo legelege chombo kitavuja upya, akizidisha anapanua mwanya na kuharibu ubao wa pili. Chini ya mstari wa maji wanapaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia mdudu anayekula mbao. Kila kitu lazima kiishe kabla ya maji kurudi, kwa hiyo usimpigishe fundi maswali. Akipumzika atakueleza mwenyewe.

Eneo la forodha, askari na geti la bandari ya mizigo halipigwi picha. Na ndege za kamera (droni) zinahitaji kibali chake.

Bi Shangani

Nyie wanaume mmeongea bahari tu, chakula je?

Forodhani meza zinapangwa kuanzia alasiri, lakini usile kabla ya magharibi. Kinachoanza mapema mara nyingi ni cha jana. Njoo saa 1 na nusu hadi saa 3, moto umekolea na watu ni wengi, kwa hiyo chakula hakikai.

Mishikaki ya pweza, ngisi na kamba imepangwa mezani ikiwa imeshaiva nusu. Angalia ncha za nyama: zikiwa kavu na zimejikunja imepita motoni zaidi ya mara moja. Pweza mzuri ukimbonyeza anarudi. Kamba mkubwa anayeng'aa kama kapakwa mafuta, kapakwa mafuta kweli. Ulizeni bei ya kila mshikaki KABLA haujawekwa motoni, na mhesabu wenyewe, maana sahani inajazwa ukitazama pembeni na hesabu inakuja ya jumla.

Mimi humwelekeza mgeni kwenye vinavyopikwa mbele yake. Zanzibar piza ni salama zaidi kwa hilo: donge la unga linatandazwa jembamba kwa mafuta, katikati inawekwa nyama ya kusaga au kuku, kitunguu, pilipili boga, yai linapasuliwa juu, jibini na mayonezi kidogo, pembe zinakunjwa, linakaangwa kwenye chuma pande zote mbili. Mwambie asikimbize moto. Moto mkali huunguza ngozi na yai la ndani linabaki maji. Juisi ya miwa iwe ya kukamuliwa hapohapo na ndimu na tangawizi, kisha uliza barafu imetoka wapi. Tumbo la mgeni linaharibiwa na barafu kuliko pweza.

Urojo mzuri haupo Forodhani, ulizeni wenyeji ndani ya mji, mchana.

Ramadhani mchana hakuna kula wala kunywa hadharani, na usiku Forodhani inachangamka mpaka kuchelewa. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe mkitoka ufukweni. Bikini ni ya boti na kisiwani.

Msafiri wa Arusha

Dada umenifungua macho. Na wale vijana wanaoruka baharini pale ukutani, ni kila siku? Watoto wangu wanataka kuona. Mmoja anataka kuruka, eti.

Tanga Mbili

Wanaruka sana siku za bamvua, kwa sababu ndizo siku maji yanajaa saa 10 na 11 jioni, wakati shule zimetoka na jua limepoa. Siku za maji mafu saa hizo maji yanapwa, wanaoruka ni wachache na wanachagua mahali.

Mtoto asiruke. Wale vijana wanajua kila jiwe lililoko chini ya ukuta na wanasoma kina kwa kuangalia ngazi. Mgeni hana kipimo hicho. Atazame, apige picha, basi.

Saa hizohizo ndizo za kutweka tanga. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kuchelewa zaidi Februari. Pandeni saa 11 na robo hivi. Ulizeni kama chombo kinatweka tanga kweli au kinatembea kwa injini na tanga la urembo, maana vyote vinauzwa kwa jina moja. Kukiwa shwari injini haikwepeki, hilo msimlaumu nahodha.

Kizingo Mombasa

Na upepo? Nataka kuja Julai kwa meli kutoka Dar, mama ana umri.

Mwana wa Funguni

Juni hadi Agosti upepo wa kusi umeshika, na mkondo kati ya Dar na Unguja unakuwa na mawimbi ya kutosha. Mbele ya Mji Mkongwe kwenyewe kumetulia, kisiwa kinakinga, kwa hiyo safari za Changuu hazina shida. Upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kinyume: meli inakwenda vizuri lakini mchana mbele ya mji kunachafuka, visiwani mwende asubuhi. Matlai, kile kipindi cha Oktoba na Novemba kati ya kusi na kaskazi, ndiyo bahari tulivu kuliko zote, ila mvua za vuli zinaweza kumwaga.

Kwa mama, safari ya kwanza ya saa 1 asubuhi, kabla upepo haujakaza. Akae katikati au nyuma ya meli, sitaha ya chini. Mbele ndiko kunakorusha. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Wengi humeza baada ya kuanza kutapika, haisaidii. Safari ni karibu saa mbili.

Tiketi zinaandika saa za kizungu. 09:30 ni saa 3 na nusu asubuhi, 16:00 ni saa 10 jioni. Kila mwaka kuna watu wanaachwa kwa hili. Fikeni saa nzima kabla. Watanzania mje na kitambulisho. Wewe wa Mombasa pasi na kadi ya homa ya manjano, na uangalie masharti ya bima ya lazima kwa wageni iliyoanza 1 Oktoba 2024, inanunuliwa mtandaoni kabla ya safari.

Wapagazi wa bandarini ni wengi na wana haraka. Ukikubali mzigo uguswe, umeshaajiri. Taja bei kwanza au shika mkono wa sanduku wewe mwenyewe.

Msafiri wa Arusha

La mwisho wakuu. Siku ya kuondoka meli yetu ni saa 10 jioni, hoteli inatutoa saa 4 asubuhi. Tukienda Changuu tutawahi?

Tanga Mbili

Mtawahi mkipanda boti saa 3, kabla ya ile saa 4 ya hoteli, vyumba mmevikabidhi na mabegi yaachwe mapokezi, wengi hawatozi. Muwe mmerudi mjini saa 7 na nusu. Usimruhusu nahodha kuongeza Bawe siku hiyo. Injini ikizima katikati mtasubiri boti nyingine ije kuwavuta, hapo saa nzima imekwenda. Na kama ni bamvua saa hizo za asubuhi maji yako mbali, mtatembea kwenye mchanga wenye mawe kufika kwenye boti, kwa hiyo malapa mguuni na simu kwenye mfuko wa plastiki.